Punda afe mzigo ufike? Mimi sikubali

Najua nimepotea sana hapa kijiweni, msinirushie mawe. Nilikuwa likizo nyumbani Kitendaguro, nimekula ndizi na samaki wa ziwani mpaka suruali zimenibana. Nimerudi hapa SUA juzi usiku, safari ya basi kutoka Bukoba mpaka Morogoro mnaijua wenyewe, mgongo sio wangu tena. Sasa leo nina hasira, na nyie ndio mtanisikiliza.

Imeanza hivi. Jana usiku mshkaji mmoja kaja chumbani na video kwenye simu. Farasi wa mashindano huko Ulaya, kasimama kwenye banda safi kuliko chumba chetu, na dada mmoja anamchua mgongo taratibu kwa viganja. Farasi kalegeza mdomo wa chini, macho nusu yamefumba, raha mustarehe. Chumba kizima kikaangua kicheko. "Jamani wazungu hawana kazi!" Mwingine: "Mimi nimetoka kubeba ndoo mpaka ghorofa ya pili hakuna wa kunikanda, farasi anapigwa masaji!" Rumeti wangu, ambaye anasoma vet kama mimi, tena mwaka wa tatu kama mimi, akafunga mjadala: "Mnyama ni mnyama bwana. Punda afe mzigo ufike."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka, na kwa sababu kwenye ubishi wa mdomo huwa nashindwa, namjibu hapa.

Kwanza niwape siri. Kwetu Kitendaguro farasi sijawahi kumuona hata wa kusingiziwa. Ukanda wetu mbung'o wamewahi kutesa sana, na farasi akiumwa na mbung'o mwenye vimelea anapata nagana na kupona kwake ni kwa shida. Kwa hiyo kwetu mizigo inabebwa na baiskeli, bodaboda na shingo za mama zetu. Mikungu ya ndizi inapanda mlima kutoka Bukoba mjini au kushuka, kichwani.

Na kwa sababu hiyo bibi yangu ana kazi. Bibi ni mkandaji. Akina mama waliojifungua, vijana walioteguka mpirani, wazee wa viuno, wote wanapita kwake. Nimekua namuona. Na kuna kitu anafanya kabla ya kugusa chupa ya mafuta: anauliza. Umebeba nini? Unabebea upande gani? Umeanza lini? Kuna mama alikuja likizo hii, shingo imekaza kama mti. Bibi akamwambia, "Ukitoka hapa unakwenda kubeba mkungu tena leo?" Yule mama akasema ndiyo. Bibi akamjibu, "Basi mimi siwezi kukanda mkungu. Shusha kwanza, kesho urudi."

Wadau, naomba mlishike hilo neno la bibi, nitalirudia.

Sasa punda anaingiaje. Mama yangu mdogo ameolewa Shinyanga. Mwaka 2021 nilikaa kwake karibu mwezi mzima. Walikuwa na punda wawili wa kuvuta mkokoteni wa maji. Madumu kumi ya lita ishirini, yaani kilo 200 za maji tupu, hujahesabu mkokoteni wenyewe wala mimi niliyekuwa nimekaa juu kama mfalme. Shingoni walifungwa nira ya mti, nira ile ile iliyochongwa kwa ajili ya ng'ombe wa kulimia.

Mmoja wa wale punda akaanza "uvivu". Ndivyo tulivyouita. Ukimsogelea na nira analaza masikio nyuma. Ukimgusa shingo anataka kung'ata. Akifungwa anasimama tu, mpaka fimbo. Fimbo nyingine nilipiga mimi, siwafichi. Mwisho baba mdogo akasema punda huyu ni hasara, kukatokea watu waliokuwa wanakusanya punda wa kuchinja kwa ajili ya ngozi, akauzwa. Alipandishwa kwenye lori akiwa hata hajapiga teke. Tukala ile hela.

Miaka miwili baadaye niko darasani tunasoma mguu wa mbele wa farasi. Nyie mnaosoma kozi nyingine niwaeleze kidogo. Binadamu mkono wake umeunganishwa na kifua kwa mfupa wa mtulinga. Farasi hana mtulinga. Punda naye hana. Mguu wa mbele umeshikiliwa na misuli na kano tu, kifua kimening'inia katikati ya miguu miwili kama mtoto kwenye mbeleko. Na zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama unakaa mbele, kama asilimia 60 hivi. Kwa hiyo misuli ya shingo, mabega na kifua ndiyo inayobeba kila kitu. Ikikaza au ikiumia, hatua inafupika, mgongo unakakamaa, mnyama anakataa kazi.

Halafu kuna hili la nira. Ng'ombe ana shingo nene na nundu, nira inapata pa kukaa na anasukuma. Punda hapo juu ya mabega hana kitu, ni ngozi na mfupa. Nguvu yake ya kuvuta iko kifuani na mabegani, ndiyo maana anatakiwa kufungwa mkanda mpana wa kifuani au kola iliyojazwa kitu laini. Ukimvika nira ya ng'ombe, ule mti unasaga sehemu moja kila siku.

Nilikaa pale darasani nikamkumbuka yule wa Shinyanga. Hakuwa mvivu. Alikuwa anaumwa, na alitueleza kwa kila njia aliyokuwa nayo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweka kiganja shingoni mwake kusikiliza.

Kwa hiyo ndugu yangu rumeti, "punda afe mzigo ufike" ni hesabu mbovu kabla hata ya kuwa ukatili. Punda akifa mzigo haufiki. Unafika siku hiyo moja, kesho yake mama mdogo anabeba dumu kichwani, na kesho kutwa anahitaji mtu kama bibi yangu. Na ile nyingine mnayoipenda, "shukrani ya punda ni mateke", nayo naikataa. Mara ngapi teke ni shukrani na mara ngapi ni "hapo panauma"? Sisi tunaotaka kuitwa daktari ndio tulipaswa kujua tofauti.

Turudi kwenye masaji. Nisije nikaonekana nimelewa video. Kuna upande wa pili nao nina ugomvi nao, wale wanaouza masaji ya farasi kama dawa ya kila kitu. Biashara hii huko nje ni kubwa. Mmarekani Jack Meagher alijulikana kwa kuwachua farasi wa timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, na baada yake wamekuja wengi, wenye vyeti na wasio navyo. Lakini ukiuliza ushahidi, tuwe wakweli. Mwaka 2022 watafiti wa Ulaya walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu kuchua misuli ya wanyama, wakakuta ni chache, ndogo, na nyingi hazina nguvu ya kuthibitisha madai makubwa. Anayekwambia masaji inaponya kilema cha mguu anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tunachokijua ni kidogo zaidi ila kinanitosha. Mwaka 1993 watafiti huko Ufaransa walionyesha kwamba farasi akikwaruzwa pale chini ya shingo karibu na mabega, pale ambapo farasi wenyewe hukwaruzana kwa meno, mapigo ya moyo yanapungua. Akikwaruzwa sehemu nyingine hayapungui vile. Maana yake mkono uliowekwa mahali sahihi mnyama anausikia. Na faida kubwa zaidi kwa maoni yangu wala si ya mnyama kwanza, ni ya mwenye mkono: ukimgusa kila siku unajua joto lake, uvimbe wake, upande anaoruka ukibonyeza. Unagundua kidonda kikiwa bado ni wekundu tu.

Wale wa "mfugaji hana muda", naomba dakika kumi. Kabla ya kumfunga na baada ya kumfungua, kiganja wazi, anzia shingoni, shuka begani, pita kando ya uti wa mgongo (usibonyeze mfupa wenyewe), malizia kiunoni. Fanya upande mmoja, kisha wa pili, linganisha. Mwangalie masikio na macho, sio mkono wako. Punda ni mnyama wa kuficha maumivu, akikwambia kidogo ujue ni kikubwa. Palipo laini chua taratibu kwa duara. Palipo pa moto, palipovimba, penye kidonda, au kama ana homa au anachechemea, usichue, mwite daktari. Na kidonda cha farasi au punda usikidharau, wanyama hawa wanapata pepopunda kirahisi mno. Jina lenyewe la ugonjwa linamtaja, jamani!

Lakini yote haya ni bure kama nira ni ile ile. Hapo ndipo narudi kwa bibi. Huwezi kukanda mkungu. Yule farasi wa kwenye video ameshushwa mzigo kwanza: tandiko limepimwa mgongoni mwake, kwato zimechongwa, amelala, amekula, ndipo akachuliwa. Sisi tunaona viganja tu tunacheka, hatuoni vilivyotangulia. Tukitaka kuiga tuanzie hapo.

Najua kuna mtu ataandika "sasa hivi punda wanalindwa". Kweli. Serikali yetu ilizuia uchinjaji wa punda kwa biashara ya ngozi mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika kule Addis Ababa wakakubaliana kusimamisha biashara hiyo barani kwa miaka 15. Ngozi zilikuwa zinakwenda China kutengenezea ejiao. Nilifurahi sana. Ila amri ya Addis Ababa haimvui punda wa Shinyanga nira. Kumzuia asichinjwe halafu tukamuacha asagwe shingo miaka kumi, tumemsaidia nini hasa? Wenzetu wa Lamu, ambako punda ndiye gari la mitaani, wana kliniki ya punda ya bure tangu miaka ya 1980. Huko mwenye punda kumleta daktari amuone mgongo sio kichekesho.

Na nyie watu wa uhandisi wa kilimo msijifiche nyuma yangu. Mkanda wa kifuani unaomtosha punda wetu, wa bei ambayo mama mdogo anaiweza, ni mradi mzuri kabisa wa mwaka wa mwisho. Na sisi wa vet tunaokwenda fildi, tukiambiwa "huyu punda mvivu" tusiandike kitu kwenye daftari kabla hatujampapasa kuanzia shingo mpaka kiuno. Ni hilo tu naomba.

Nikiwa Kitendaguro likizo hii nilijikaza nikampigia mama mdogo. Nikamweleza yote, ya mtulinga, ya nira, ya kwa nini alikuwa anang'ata. Kimya. Nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu tulimuuza mgonjwa?" Nikasema ndiyo, mama. Na mimi nilimpiga.

Baba mdogo ameshona mkanda wa kifuani kwa mikanda ya zamani ya gari na magunia aliyokunja mara tatu, kwa ajili ya yule aliyebaki. Sasa anavuta madumu matano, sio kumi. Jana mama mdogo kanitumia ujumbe: kidonda cha shingoni kimeanza kufunga, na asubuhi anampapasa kabla ya kumfunga, "kama ulivyosema". Kaniuliza na kama mafuta ya kula yanafaa kumchulia. Nimemjibu mafuta ayaweke jikoni, mkono mtupu unatosha.

Bibi nilipomsimulia alicheka kidogo tu. Akasema, "Na huyo punda mlimuuliza amebeba nini?"

Rumeti, nakusubiri kwenye maoni hapo chini. Ila uje na hoja, sio methali.

Nawasilisha.