Trekta Dogo: Uliza Habari za Mafuta Kabla ya Nguvu za Farasi



Siku hizi matrekta madogo yenye nguvu za farasi 20 mpaka 40 huonekana katika maonyesho ya kilimo, na wenye mashamba ya settlement huyatazama kwa tamaa. Si ajabu. Mashamba yaliyotolewa katika Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka wa 1962, mengi yamegawanywa tena baina ya watoto. Trekta kubwa likija kulima ekari 2 hupata taabu kugeuka, huacha pembe bila kulimwa, tena hushindilia udongo. Trekta dogo lafaa zaidi.

Lakini wanunuzi wengi huuliza swali moja tu: Lina nguvu za farasi ngapi? Yafaa waulize kwanza: Ni nani atakayefunga vyombo vyake barabara na kuyatunza mafuta yake?

Zamani plau ilikokotwa nyuma ya trekta kama mkokoteni. Ikigonga jiwe au kisiki, trekta liliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Harry Ferguson, fundi wa Ireland, aliifunga plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, akatumia nguvu ya mafuta, yaani haidroliki, kuiinua na kuishusha. Trekta lake dogo liitwalo TE20 lilitengenezwa Uingereza tangu 1946 hata 1956, zaidi ya 500,000, na nguvu zake hazikufika farasi 30. Siri yake ilikuwa katika mikono na mafuta.

Basi, ukitaka kufunga plau, fanya hivi. Tazama pini kwanza. Mikono ya chini ya trekta dogo kwa kawaida hutaka pini za unene wa milimeta 22. Plau ya trekta kubwa huwa na pini za milimeta 28; usiilazimishe. Egesha trekta mahali tambarare. Kwa kuwa gurudumu la kulia litapita ndani ya mtaro, weka magurudumu ya kushoto juu ya mbao zenye kimo sawa na kina unachotaka kulima, tuseme sentimeta 15. Kisha rekebisha fimbo ya kuinulia ya upande wa kulia mpaka fremu ya plau ilale sawa na ardhi. Mwisho rekebisha mkono wa juu: ukiufupisha, ncha ya plau huchimba zaidi, ukiurefusha, huinuka. Kazi hii haichukui saa nzima. Asiyeifanya hulima mawimbi, huchoma mafuta bure, kisha husema trekta halina nguvu.

Mafuta ya haidroliki ni damu ya trekta. Yapime vyombo vikiwa vimeshushwa. Yakiwa meupe kama maziwa, yameingia maji. Usifanye kazi, yabadilishe. Futa vumbi kwenye vichwa vya mipira kabla ya kuviunganisha, kwa maana mchanga mdogo huharibu pampu ya bei kubwa. Matrekta mengi mapya hutaka mafuta na chujio vibadilishwe baada ya saa 50 za kwanza. Fuata kitabu cha trekta lako.

Jambo la kuvuja si mchezo. Usitafute tundu la mpira kwa kidole. Mafuta yenye nguvu hupenya ngozi kama sindano, na mkono waweza kukatwa. Zima injini, shusha chombo, tumia kipande cha kadibodi. Mtu akipenywa, aende hospitali saa ile ile, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba.

Ndoo ya mbele ni msaada mkubwa kwa kuzoa samadi, lakini ichukue mzigo ikiwa chini, na nyuma ya trekta kuwe na uzito. Ukibeba juu kwenye mteremko utapinduka. Ukitaka kung'oa kisiki, funga mnyororo kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, kamwe usiufunge kwenye mkono wa juu. Na asiingie mtu chini ya chombo kilichoinuliwa kwa mafuta tu.

Sasa tufanye hesabu. Chombo chenye upana wa mita 1 hutembea karibu kilometa 4 kumaliza ekari 1. Kwa mwendo wa kilometa 3 kwa saa, hiyo ni saa 1 na dakika 20, bila kuhesabu kugeuka. Mwenye ekari 5 humaliza kwa siku mbili hivi. Baada ya hapo trekta hulala, lakini deni halilali. Kwa hiyo, mwenye ekari 5 asikope peke yake. Majirani kumi wenye ekari 5 kila mmoja wana ekari 50, na hizo zatosha kulipa trekta kazi ya haki.

Wengine watasema trekta la ushirika huharibika upesi. Ni kweli, kama kila mtu analiendesha. Ng'ombe wa watu kumi hukamuliwa na wote, asilishwe na yeyote. Dawa yake ni kuchagua dereva mmoja, kumlipa, kumpa daftari la kuandika saa za kazi na siku za kubadilisha mafuta, na kumkataza hata mwenyekiti asiguse usukani. Mkutano ukishindwa kukubaliana juu ya dereva huyo, basi msisaini karatasi za mkopo.

Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji afunge plau mbele yenu, kisha aifungue, na dereva wenu aifunge tena kwa mikono yake. Akiweza, nunueni.