Rafiki za Serge Maheshe nao walifiwa

Usiku wa tarehe 13 Juni 2007, hapa Bukavu, mwandishi wa Radio Okapi, Serge Maheshe, aliuawa kwa risasi akiwa na rafiki zake wawili. Alikuwa na miaka 31. Badala ya kuachwa walie, hao rafiki wakafungwa. Mwezi wa 8 mahakama ya kijeshi ikawahukumu kifo, kwa maneno ya watu ambao baadaye waliyakana! Rufaa ikawaachilia Mei 2008.

Aliyeshuhudia lazima aulizwe, sawa. Lakini kwetu rafiki akifiwa, pole zinaenda kwa ndugu wa damu tu, yeye anabaki pembeni. Hawa walipewa minyororo. Mimi nasema bado tunadaiwa pole yao.