KUCHOKA BILA KAZI



Sisi wote tunajua uchovu wa kazi. Ukilima siku ya salongo, ukichota maji mara tatu kule bondeni, unachoka kweli. Unakula bugali na maharagi, unalala, asubuhi uko mutu mupya. Lakini kuna uchovu mwingine, ule wa kukaa bila kazi. Huu hauishi kwa kulala. Unalala nao na unaamka nao.

Hapa enternati unatukamata zaidi siku ya Mungu, kisha chakula cha saa sita mpaka kengele ya saa kumi na moja. Kanisa limekwisha, nguo zimekauka, mupira ni mumoja na sisi wote tunautaka. Basi tunalala chali na kutazama mabati. Mimi pia ninafanya vile. Juu ya kitanda changu iko misumari 42.

Sasa mimi kapita wenu nina neno ambalo linanilemea. Muhula uliopita, siku ya Mungu, nilikuta rafiki yangu anaruka lupango akirudi, kinywa kinanuka kasiksi. Nikamuuliza: «Juu ya nini ulitoka?» Akajibu: «Kapita, sikukuwa na kitu ya kufanya. Njo vile tu.» Nikaandika jina lake katika kitabu cha nidhamu. Sheria ni sheria, sikatai. Wakamurudisha kwao majuma mawili. Baba yake alikuja kumuchukua kwa miguu. Nilimwona yule mzee amekaa kwenye benchi mbele ya biro, kofia mukononi, hasemi kitu. Tangu ile siku ninajiuliza: kosa tuliliazibu, lakini ugonjwa nani aliuponya?

Wengine watasema: waturudishie telefoni. Hapana. Wakati wa likizo mimi nilikuwa nayo mukononi tangu asubuhi mpaka usiku, na uchovu haukutoka hata kidogo. Maoni yangu ni haya: mutu hachoki vile juu ya kukosa vitu. Anachoka juu hakuna kitu ambacho kinamungojea yeye.

Nimejaribu mwenyewe. Nyuma ya nyumba ya kulala nililima kashamba kadogo, hatua tano kwa tatu, nikapanda lengalenga. Kisha majuma mane hivi inachumwa. Si kazi kubwa, lakini nisipoleta maji, majani yanalegea, na kosa ni langu, si la mutu mwingine. Wadogo wetu nao nimewaonyesha kisoro cha wazee: mashimo 32 katika udongo, mbegu 64, watu wawili. Hakuna makuta yanayotoka. Asiyehesabu mbele ya kucheza anashindwa, kwa hiyo mwalimu wa hesabu asitukasirikie.

Kwa wakubwa wetu ninaomba neno moja kwa heshima: biblioteki ifunguliwe siku ya Mungu, saa nane mpaka saa kumi. Ufunguo nitaushika mimi, na kitabu kikipotea, niulizwe mimi. Sisi wafinalisti Ekzameni ya Serikali inatungojea, na wadogo wakituona tunasoma bila kulazimishwa, watajifunza.

Na wewe mwenzangu, usingoje masomo yakuchangamshe kama mutoto anayebebwa mugongoni. Tafuta kitu kimoja kidogo chenye kukuhitaji, ukifanye mpaka mwisho, na uite mwenzako.

Yule rafiki yangu alirudi. Hajaniambia kama amenisamehe, na mimi sijamuuliza. Lakini siku ya Mungu iliyopita nilipofika kwenye kashamba, nilimukuta tayari na jembe. Tulilima mustari mupya mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyeisikia mara ya kwanza.

Ni hayo tu.

Kapita wa wanafunzi, finalisti