TAA YA TATU NI HAKI YA ALIYE NYUMA

Kila asubuhi na kila jioni Barabara ya Kilwa, kutoka Mbagala Rangi Tatu kupitia Mtoni Mtongani hadi Mtoni kwa Aziz Ally, hubeba umati mkubwa wa wananchi waendao kazini na warejeao makwao. Katika msururu huo wamo wakazi wa Temeke, wamo madereva wa malori yaendayo bandarini, na wamo ndugu zetu wa Mafia waliovuka bahari hadi Nyamisati na kushika njia ya Kibiti na Mkuranga kuja mjini. Wote hao, wapende wasipende, wameuweka usalama wao katika ishara ndogo: taa nyekundu inayowaka nyuma ya gari lililo mbele yao.

Leo tunapenda kuizungumzia taa moja miongoni mwa hizo, nayo ni taa ya tatu ya breki, ile iwekwayo juu. Katika magari marefu ambayo watu wameyapa jina la mashangingi, taa hii aghalabu hufungwa kwenye ukingo wa juu wa mlango wa nyuma. Si jambo geni kuona gari la namna hiyo likifunga breki, taa mbili za chini zikawaka, na ile ya juu ikabaki giza au ikawaka nusu. Mwenye gari akiambiwa hujibu kwamba mbili zinatosha. Jibu hilo si sahihi, na ni wajibu wetu kueleza kwa nini.

Taa za chini huwaka usiku wote kwa kazi ya kuonyesha kwamba gari lipo, na breki ikishikwa huongeza mwanga tu. Taa ya juu haina kazi nyingine. Ikiwaka, maana yake ni moja, gari linapunguza mwendo. Tena, kwa kuwa iko juu, huweza kuonekana kupitia vioo vya gari lililo katikati, hivyo dereva wa tatu katika mstari hupata habari mapema badala ya kungoja wa pili ashtuke. Na hapa ndipo penye uzito wa jambo hili kwa magari marefu. Gari refu na pana huziba macho ya aliye nyuma. Mwenye bajaji, mwenye pikipiki au mwenye gari dogo hawezi kuona kilicho mbele ya shangingi. Habari zote za barabara anazipata kutoka kwa gari hilo hilo lililomfungia njia ya kuona. Anayewazibia wenzake macho ana deni la kuwapa habari.

Jambo hili si la kubuni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1974, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, John Voevodsky, alizifungia teksi 343 za mji wa San Francisco taa ya tatu ya breki, na teksi 160 akaziacha bila taa hiyo. Baada ya miezi kumi, teksi zilizofungwa taa zilikuwa zimegongwa kwa nyuma pungufu kwa zaidi ya asilimia 60. Marekani ikaifanya taa hiyo kuwa sharti kwa magari madogo ya toleo la mwaka 1986, na kwa magari marefu na malori mepesi ya toleo la mwaka 1994. Ni kweli kwamba watu walipoizoea faida yake ilipungua. Uchunguzi wa serikali ya nchi hiyo uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kuwa taa hiyo huzuia asilimia 4.3 ya ajali za kugongana kwa nyuma. Atakayeona hesabu hiyo ni ndogo na akumbuke kwamba kila sehemu yake ni watu waliofika nyumbani salama, na kwamba kifaa chenyewe ni cha bei ndogo kikilinganishwa na thamani ya gari.

Tupige hesabu yetu wenyewe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo katika maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva wa nyuma akichelewa nusu sekunde tu kutambua kwamba wa mbele amefunga breki, amekwisha kupoteza mita 7. Kwa mwenye pikipiki aliyepakia abiria, mita 7 ndizo zinazotenga salamu na matanga.

Sasa, taa hii huharibika vipi? Magari mengi yanayotembea Bara na Visiwani huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi. Waya wa taa ya juu hupita kwenye bawaba ya mlango wa nyuma, ndani ya mpira, na kila mlango unapofunguliwa na kufungwa waya hukunjwa na kukunjuliwa. Baada ya miaka hukatika bila kuonekana kwa nje. Mpira wa kuzuia maji nao huchakaa, mvua ikaingia, na kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia upepo wa chumvi hushambulia shaba hata ikafanya kutu ya kijani.

Kwa hiyo fundi mwaminifu hakimbilii kuuza kipuri. Kwanza hutazama kama taa za chini zinawaka. Ikiwa zinawaka, mara nyingi fyuzi na swichi ya breki ni nzima, na ubovu uko kwenye taa yenyewe au njia ya waya wake. Huufunua mpira wa bawaba akatafuta waya uliokatika, kisha hupima kama umeme unafika kwenye soketi mguu unapokanyaga breki. Umeme ukifika na taa ni ya globu, hubadili globu kwa nyingine ya nguvu ile ile. Ikiwa ni ya LED iliyozibwa kiwandani, kwa kawaida hubadilishwa nzima, na mpira mpya wa kuzuia maji huwekwa. Waya uliokatika huunganishwa kwa waya mpya unaoweza kukunjika, si kwa kusokotwa vidole na kufungwa karatasi ya nailoni. Mwisho, mtu mmoja hukanyaga breki na mwingine husimama nyuma akatazama. Kwa fundi anayeijua kazi yake, mara nyingi hii haizidi kazi ya asubuhi moja.

Wapo watakaosema kwamba ajali haina kinga. Tunausikia usemi huu kila mara, nao umekuwa maficho ya uzembe. Ajali ina kinga nyingi, na nyingine huuzwa madukani Gerezani na Kariakoo. Watu wa dini wanajua kuwa kuondoa udhia njiani ni sadaka. Basi kuwasha taa inayomwepusha mwenzako na udhia nako kusihesabiwe kuwa jambo dogo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo inakataza kuendesha gari bovu barabarani.

Tunatoa wito kwa watumishi wa Serikali, kwani mashangingi mengi hubeba namba za umma. Dereva wa ofisi aikague taa ya tatu kila asubuhi kabla ya kuwasha safari, na ofisa usafirishaji aandike katika daftari kwamba ameiona ikiwaka. Gari ambalo taa yake imekufa lisitoke, hata kama anayengojewa ni mkubwa. Haipendezi kiongozi ahutubie katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, kisha aondoke ndani ya gari lisilowaambia wananchi walio nyuma yake kwamba linasimama.

Aidha, chuo cha VETA cha Chang'ombe hakiko mbali na Mtoni. Tunashauri vijana wanaotengeneza umeme wa magari kando ya barabara wapewe mafunzo mafupi ya jioni, ili kazi yao iwe ya kupima na si ya kubahatisha. Askari wa usalama barabarani nao, kila wasimamishapo gari, wamtake dereva akanyage breki na wao wazunguke nyuma kutazama. Ukaguzi wa namna hiyo ni wa dakika moja.

Kwa mwenye gari, awe wa Mtoni au wa Kilindoni, hatuna neno refu. Taa hiyo hujaifunga kwa ajili yako, maana wewe hutaiona ikiwaka. Umeifungia watu usiowajua, waliokuamini kwa kuwa wako nyuma yako. Iwashe leo.