Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona: Tumweke Mikononi mwa Nani?

Katika mambo yazitiayo nyumba zetu mashaka siku hizi ni hili: tabibu amekwisha kusema kwamba saratani imeenea mwilini na upasuaji hauna faida tena, kisha akawaelekeza jamaa waende hospisi. Jamaa hurudi nyumbani na neno hilo wasijue ni kitu gani, wala wasijue kama hiyo waliyotajiwa ni njema au si njema. Wako wadhanio kwamba ni nyumba ya kwenda kufia. Wako wadhanio kwamba kuikubali ni kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Mwezi huu twataka kulieleza jambo hili kwa kadiri ya nafasi yetu, na khasa namna ya kuipima hospisi iliyo karibu nawe kabla hujaiamini kwa mzazi wako, au mke wako, au mtoto wako.

Kazi ya hospisi ni kumtunza mtu ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka, ili siku alizobakishiwa, zikiwa chache au nyingi, azipitishe pasi na mateso yawezayo kuondolewa. Kazi hii kwa Kiswahili cha leo huitwa tiba shufaa. Aliyeitia katika utaratibu tunaoujua sasa ni bibi mmoja wa Uingereza, Cicely Saunders, aliyekuwa kwanza mwuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice mjini London. Alifundisha kwamba dawa ya maumivu hutolewa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi. Na kwamba maumivu ya mtu aliye karibu na mauti ni ya mwili, na ya moyo, na ya jamaa zake, na ya roho, yote pamoja.

Katika Afrika kazi hii ilianza Harare mwaka 1979, mji huo ulipokuwa ungali ukiitwa Salisbury. Nairobi ilipata hospisi yake mwaka 1990, na mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha ya Kampala. Huko Uganda ilienezwa mofini ya maji, ambayo ni unga wa dawa unaochanganywa na maji kwa kipimo, ikanywewa nyumbani bila ya sindano, na kwa gharama ndogo. Na kwa kuwa madaktari walikuwa wachache, mwaka 2004 nchi hiyo iliruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa khasa kuiandika dawa hiyo. Leo Mombasa ina hospisi yake, na Muheza katika mkoa wa Tanga vile vile. Kazi kubwa ya hospisi za nchi zetu iko majumbani: mwuguzi huja kwa mgonjwa, au mgonjwa huenda mchana akarudi kwake jioni. Basi asiyekuta vitanda vya kulaza asidhani amedanganywa. Na akutaye jengo zuri asidhani kwamba amekwisha kupata alichokitafuta.

Kabla ya kutaja vipimo, kuna jambo moja la nyumbani kwetu ambalo halina budi kusemwa. Mgonjwa aliapo usiku, sisi tulio kando yake humwambia: subiri. Subira ni ibada kubwa na malipo yake ni makubwa. Lakini subira ni ya yule mwenye maumivu. Mtu asimamaye juu ya kitanda cha mwenziwe, naye ana uwezo wa kumwondolea taabu asiiondoe, kisha akamwusia subira, yeye hakusubiri chochote. Amesubiri kwa mwili wa mwingine. Dini yetu imetuhimiza tujitibu, wala haikutufundisha kwamba maumivu yaachwe yamle mtu ilhali dawa ipo. Ama mofini, wanavyuoni wa zama zetu wameiruhusu kwa haja ya tiba, kwa kipimo cha tabibu; na mwenye shaka amwulize shekhe wake mapema, asingoje usiku wa shida.

Sasa vipimo vyenyewe.

Kipimo cha kwanza ni maumivu. Mwuguzi akija mara ya kwanza, tazama ataanza na lipi. Akianza na karatasi na malipo, na akaondoka pasi na kumwuliza mgonjwa mwenyewe anaumwa wapi na kwa kiasi gani, hiyo ni dalili mbaya. Mwuguzi ajuaye kazi humwuliza mgonjwa, ajibu hata kwa vidole: ngumi ni hapana maumivu, na vidole vitano ni maumivu yasiyo mfano. Huandika jibu hilo, na akirudi huuliza tena na kulinganisha. Shirika la Afya Ulimwenguni katika mwongozo wake wa mwaka 1986 liliweka daraja tatu ambazo kila nyumba yaweza kuzitumia: kwanza mgonjwa alale usiku bila ya kuamshwa na maumivu, kisha atulie akiwa amekaa au amelala, kisha aweze kujigeuza na kusimama bila ya kuumwa. Daraja ya tatu pengine haifikiwi. Lakini ikiwa siku chache zimepita tangu hospisi ianze kazi, na mgonjwa hajapata usingizi, na hapana aliyebadilisha dawa wala kipimo, basi ulizeni kwa adabu lakini msinyamaze.

Kipimo cha pili ni dawa yenyewe. Ulizeni: mofini ipo siku zote, au huisha? Nani aiandikaye, naye hupatikana siku gani? Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, na wakati wa kulala mgonjwa hupewa vipimo viwili pamoja ili asiamshwe katikati ya usiku. Dawa hii hufunga choo, nako kufunga choo ni adhabu nyingine; kwa hiyo mwuguzi mwema huitoa pamoja na dawa ya kulainisha choo, isipokuwa kwa mwenye kuharisha. Kadhalika huwaambia jamaa kwamba siku za kwanza mgonjwa huweza kuona kichefuchefu au kusinzia sana, na kwamba hayo kwa kawaida hupungua. Hospisi itoayo chupa bila ya maelezo haya haijatimiza kazi yake.

Kipimo cha tatu ni usiku. Maumivu hayaangalii saa za ofisi. Si haki kuitaka kila hospisi ilete mwuguzi mlangoni saa nane za usiku, maana wengi wao ni wachache na njia ni mbali. Lakini ni haki kuwataka wawaachie namba ya simu ambayo mtu huipokea, na wawafundishe kipimo cha ziada maumivu yakipasuka kabla ya saa ya dawa, na wawaambie ni dalili zipi za kukimbilia hospitali na zipi si za kukimbilia. Waulizeni waziwazi: yakitufika usiku, tufanye nini? Jibu lao litawaonyesha mengi kuliko maneno yaliyoandikwa ukutani.

Kipimo cha nne ni mafunzo kwa wenye nyumba. Mwuguzi hukaa saa moja, na jamaa hukaa saa ishirini na tatu zilizobaki. Kwa hiyo yeye akiondoka, mama wa nyumba awe amejua kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, na kuulowesha mdomo wake ukikauka, na kumwogesha kitandani akiwa na sitara. Kidonda cha saratani chenye harufu kina dawa yake: vidonge vya metronidazoli husagwa vikanyunyiziwa juu yake kwa maelekezo ya mwuguzi, na harufu hupungua sana. Wangapi wamefungiwa chumba cha nyuma, na wageni wakazuiwa, kwa sababu ya harufu tu! Na katika siku za mwisho mwili huacha kutaka chakula. Jamaa wafundishwe kwamba kumlazimisha uji mtu asiyeweza kumeza huweza kumpalia. Kumlowesha midomo kwa upole ndiko kumlisha kwa wakati ule.

Kipimo cha tano ni ukweli. Desturi yetu ni kumficha mgonjwa khabari yake, na nia ni njema. Lakini aliyefichwa huenda akaondoka na deni ambalo hakulitaja, na amana ambayo hapana aijuaye, na wasia ambao hakuuandika. Mwislamu ana haki ya kuusia hadi thuluthi ya mali yake kwa wasio warithi, na ana haki ya kuomba radhi na kuaga. Naye hawezi kuyafanya hayo ikiwa kila mtu amwambia kwamba kesho atapona. Hospisi njema haimtupii mgonjwa khabari kwa ukali. Humwuliza ataka kujua kiasi gani, humjibu kwa kadiri hiyo, na huwasaidia jamaa kuzungumza naye. Wala haiwapi ahadi ya kupona wala tarehe ya kufa, maana elimu ya ajali iko kwa Mola.

Kipimo cha sita ni dini na sitara. Hospisi kadhaa katika nchi zetu zimeanzishwa na Wakristo, nazo hutibu watu wa kila dini; twazipima kwa mwenendo wao, kama ipasavyo kumpima kila mtu. Ulizeni: mwanamke atahudumiwa na mwanamke kila iwezekanapo? Wataturuhusu kumwelekeza mgonjwa kibla? Watapanga kumsafisha kabla ya wakati wa sala, apate kutayamamu na kusali kwa kukaa, au kwa ubavu, au kwa ishara? Ikifika sakarati, watatuachia nafasi ya kumtamkisha shahada kwa upole? Mwuguzi mwema, awe wa dini yoyote, huyauliza haya kabla hajaulizwa. Na akijaribu mtu kumgeuza mgonjwa dini yake akiwa hana nguvu, hiyo si huduma, na jamaa wana haki ya kumzuia.

Kipimo cha saba ni mali. Gharama ielezwe mwanzoni, iandikwe, na kila malipo yawe na risiti. Hospisi nyingi huendeshwa kwa sadaka na hutoza kidogo au hazitozi. Lakini kutoa bure si ruhusa ya kudharau, na kutoza ghali si dalili ya ubora. Jihadharini na mtu ajiitaye mwuguzi wa hospisi, kisha akaahidi kuondoa saratani, au akakataa kusema chupani mna nini, au akawaamuru mwache dawa za hospitali na msimwambie daktari. Huyo ni mchuuzi wa tamaa za watu.

Tena waulizeni waliotangulia. Hapana shahidi aliye bora kuliko nyumba iliyokwisha kuhudumiwa: je, waliitika walipoitwa? Mgonjwa alilala? Na baada ya maziko, walirudi kumtazama mjane na mayatima, au walikoma pale pale? Hospisi zijuazo kazi huihesabu huzuni ya waliobaki kuwa ni sehemu ya kazi yao.

Lakini mizani ina sahani mbili. Kuna nyumba zailaumuzo hospisi ilhali chupa ya mofini imefichwa kabatini, mgonjwa hupewa nusu ya kipimo kwa khofu kwamba atazoea dawa, au kwamba dawa itamwua. Ikitolewa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo kilichoandikwa na kinachopandishwa hatua kwa hatua, mofini haiharakishi mauti, na mgonjwa wa namna hii ni nadra kuwa mraibu wake. Mwenye kupunguza kipimo kwa siri humwumiza mgonjwa, kisha humpoteza mwuguzi, asijue kwamba dawa haikutosha au haikutolewa. Basi mmoja katika nyumba na awe ndiye mwenye dawa, aandike saa na kipimo katika daftari, na chupa aiweke mbali na watoto. Mkiwa na malalamiko, mwambieni kwanza mkubwa wa wauguzi, mkimwonyesha daftari hilo. Asiposikia, wapelekeeni wakuu wa afya wa kaunti au wilaya. Lawama ya barazani haimpi mgonjwa usingizi.

Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 huhitaji tiba ya namna hii duniani, nao waipatao ni kiasi cha 14 katika kila mia. Kwa hiyo huenda nyumba yako isiwe na hospisi mbili za kuchagua. Huenda iwe na moja tu, iliyo na upungufu. Hapo kupima si kwa ajili ya kuikimbia. Ni kwa ajili ya kujua kinachokosekana, ili kikosekanacho kipatikane. Ikiwa gari lao halina petroli ya kufika mtaani kwenu, jamaa wa msikiti waweza kuchanga. Ikiwa hawana mwuguzi wa kike wa kutosha, mabinti zetu wasomeshwe kazi hiyo. Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe, na haifai ziara yetu iwe ya kukaa juu ya kiti, kutikisa kichwa na kuondoka, huku aliyelala akingoja dawa ambayo hapana aliyemwulizia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awasahilishie wale ambao ajali yao imekaribia, na awalipe kheri wote wakeshao kando yao. Amin.