Mtihani wa Hisabati Unatupa Nini?

Hesabu ya 302 kutoa 148 ni ya madarasa ya chini, na jibu lake ni 154. Majibu yake ya makosa nayo yanafahamika, kwa kuwa watoto hawakosei ovyo. Anayeandika 246 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa katika kila safu, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini: 8 toa 2, 4 toa 0, 3 toa 1. Anayeandika 164 amekopa, ila sifuri ya katikati ameiacha ikiwa kumi wakati imeshatoa moja na kubaki tisa. Wa 254 amekopa vizuri kwenye mamoja na makumi, akasahau kwamba mamia nayo yalipungua. Wa 450 amejumlisha.

Wote wanne wamekosa, na kwenye orodha ya alama wote wana sifuri. Mwalimu aliyeyafungua madaftari yao anaona vingine. Wa 254 anahitaji dakika tano za kukumbushwa. Wa 246 hajaelewa thamani ya nafasi ya tarakimu, na dawa yake ni kurudi kwenye vijiti na mafungu ya kumi kumi, hata kama yuko darasa la tano. Wa 450 huenda hana tatizo lolote la hesabu. Hakuangalia alama ya kutoa tu. Swali la kama watoto wa shule ya msingi wapimwe hisabati lilishajibiwa zamani, na hakuna mzazi anayedai mtihani ufutwe. Linalostahili mjadala ni jingine: taarifa iliyomo ndani ya makosa yao huenda wapi mtihani ukiisha? Tanzania Bara, kwa sehemu kubwa, hupotea.

Sababu ya kupotea kwake iko kwenye kazi ambayo mtihani ulipewa tangu mwanzo. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, wakati nafasi za sekondari zilikuwa chache na watoto wa kuzigombea ni wengi. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa chekecheo. Chekecheo haliulizi punje iliyoanguka ilianguka kwa nini. Linataka kujua tu ipite au isipite. Shule za kata zilipotapakaa nchini baada ya 2004 nafasi ziliongezeka kwa kasi, lakini mtihani ulibaki na umbo la kuchuja, na matokeo yake yakaanza kusomwa kana kwamba ni kipimo cha elimu yenyewe.

Mwaka 2012 lilikuja badiliko kubwa zaidi. Baraza lilianza kusahihisha darasa la saba kwa mashine: mtahiniwa anasiliba kwa penseli ya HB herufi ya jibu analoona ni sahihi, fomu inapitishwa kwenye skana, kompyuta inajumlisha alama. Hisabati nayo ikawa ya kuchagua. Hoja ya Baraza haikuwa dhaifu. Watahiniwa walikuwa karibu laki tisa, na leo wamevuka milioni moja; kuwakusanya maelfu ya walimu kusahihisha kwa mkono ni gharama, ni muda, na ni mwanya wa makosa na upendeleo. Mashine haina mtoto wa shangazi. Hata hivyo mwaka huohuo nchi ilikuwa ikijadili habari kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika, na watu wengi walishangaa kuona dawa ya hali hiyo ni mtihani usiomtaka mtoto aandike chochote.

Wanaopinga mtihani wa kuchagua husema kwamba mtoto anaweza kufaulu kwa kubahatisha. Hoja hiyo inafaa ipigiwe hesabu badala ya kupigiwa kelele. Kwenye maswali 40 yenye majibu matano kila moja, anayesiliba bila kusoma atapata kama manane. Kwa manane hafaulu mtu. Bahati inafanya kazi yake pale katikati: mtoto anayejua kweli maswali 15 na kubahatisha 25 yaliyobaki ataokota mengine kama matano, na karatasi yake itaonyesha 20, yaani nusu ya mtihani, wakati anachokijua ni maswali 15 tu. Kwa maneno mepesi, robo ya alama zake ni zawadi. Watoto wa katikati ndio wengi katika darasa lolote, kwa hiyo ukungu wa bahati unatanda hasa juu ya kundi ambalo mwalimu angependa kuliona vizuri.

Kuna jambo baya kuliko kubahatisha, nalo halizungumzwi sana. Mtihani wa kuchagua hufundisha njia yake. Chukua swali la 3x + 5 = 20. Aliyefundishwa aljebra atatoa 5 pande zote mbili, abaki na 15, agawanye kwa 3 na kupata 5. Aliyefundishwa mtihani ataanza na A, aweke namba hiyo mahali pa x, aone haifiki; ahamie B, kisha C, mpaka mojawapo itoe 20. Jibu ni lilelile na alama ni ileile. Kwenye makambi ya darasa la saba, ambako watoto hulala shuleni wiki kadhaa wakirudia mitihani ya miaka iliyopita, mbinu hii hufundishwa waziwazi, na mwalimu hastahili lawama kwa kuwa yeye mwenyewe anapimwa kwa ufaulu wa shule. Katika miaka ya karibuni Baraza limerudisha maswali machache ya kuandika jibu na kuonyesha kazi. Ni hatua nzuri, ingawa sehemu kubwa ya mtihani bado iko kwenye kusiliba.

Halafu kuna asilimia. Mwaka 2012 waliofaulu darasa la saba, masomo yote yakijumlishwa, walikuwa takriban asilimia 31. Mwaka 2015 walipita asilimia 67, na kufikia 2019 walizidi 80, wakabaki karibu na hapo. Kwa miaka saba, hilo ni ongezeko ambalo nchi chache duniani zingeweza kulidai kwa kujifunza peke yake. Sehemu yake bila shaka ni kujifunza. Sehemu nyingine ni walimu na watoto kuizoea fomu, na nyingine ni ugumu wa maswali yenyewe, ambao hubadilika mwaka hadi mwaka. Mtihani wa kila mwaka ni mpya na mipaka ya madaraja ni ya alama zilezile, kwa hiyo mtihani ukilegezwa kidogo ufaulu unapanda bila mtoto hata mmoja kuongeza ujuzi. Hisabati, hata katika miaka hiyo mizuri, iliendelea kukaa mkiani au karibu na mkia wa masomo. Jambo hilo halikubadilishwa na mashine.

Vipimo vilivyoundwa ili vilinganishike vipo, lakini navyo huleta mkanganyiko wa aina yake. SACMEQ, muungano wa wizara za elimu wa kusini na mashariki mwa Afrika, huwapima wanafunzi wa darasa la sita kwa skeli moja ambayo wastani wake uliwekwa kuwa 500. Katika upimaji wa 2007 Tanzania ilipata karibu 553 kwenye hisabati, Kenya 557, Uganda 482 na Zambia 435. Mauritius iliongoza kwa 623. Tanzania ilikuwa na haki ya kujivuna. Miaka mitatu baadaye wapimaji wa mradi wa Uwezo walizunguka vijijini na mitaani, na ripoti yao ya kwanza ikasema kwamba ni watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza hesabu za darasa la pili.

Nani alisema kweli? Wote wawili. SACMEQ iliwapima watoto waliofika darasa la sita na kuwalinganisha na majirani zao. Uwezo, mradi ulioanza 2009 katika Kenya, Uganda na Tanzania kwa kufuata mfano wa shirika la Pratham la India, uliwafuata watoto nyumbani, waliokwenda shule siku ile na wasiokwenda, na kuwapima kwa kilichoandikwa kwenye muhtasari wa masomo. Mtu anaweza kuwa mrefu kuliko jirani zake na bado asiufikie mwembe.

Namna Uwezo ulivyopima inafaa itazamwe kwa karibu. Mpimaji, kijana wa kujitolea kutoka wilaya ileile, anaketi na mtoto mmoja kwenye mkeka au kigoda. Anamwonyesha namba aitaje. Anamwonyesha mbili aseme ipi kubwa. Kisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha, mtoto akiandika kwa penseli na mpimaji akiangalia. Mtoto anayehesabu kwa vidole anaonekana akihesabu kwa vidole. Hakuna herufi za kusiliba, hakuna mahali pa bahati kujificha, na mzazi aliyesimama mlangoni hupata habari za mwanawe papo hapo, pengine kwa mara ya kwanza.

Lakini kipimo cha mdomo na penseli nacho kina upofu wake, na utafiti unaotajwa sana kuhusu hilo ulifanyika mbali na hapa. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher na wenzake walichapisha habari za watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani Recife, Brazili. Wakiulizwa hesabu kama wateja wanavyouliza, bei ya nazi kadhaa na chenji ya noti, walipatia karibu maswali yote, asilimia 98. Hesabu zilezile zilipoandikwa kwa namba tupu kwenye karatasi, walipatia asilimia 37. Zilipotiwa ndani ya hadithi fupi, walifika 74. Yeyote aliyenunua mafungu matatu ya nyanya kwa mtoto wa genge na kurudishiwa chenji sahihi kabla hajamaliza kufikiri anaelewa matokeo hayo bila kuelezwa. Mtoto huyohuyo anaweza kuwa na 8 kati ya 50 shuleni. Karatasi haijamsingizia, imepima kitu kimoja, uandishi wa hesabu, na kukiita hisabati yote.

Lugha huongeza tabaka juu ya hilo. Swali la mafumbo lililoandikwa Kiswahili kwa mtoto anayezungumza Kisukuma au Kihaya nyumbani ni mtihani wa masomo mawili kwa wakati mmoja, na Zanzibar, ambako hisabati iliwahi kuhamishiwa kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano, tatizo huwa kubwa zaidi kuliko linavyosemwa.

Kwa upande wa Baraza, ukweli mmoja husahaulika na wakosoaji wake. Baraza huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali. Humo jibu la kosa lina jina rasmi, kipotoshi, na taarifa hueleza waliochagua kipotoshi fulani walifikiri nini: walijumlisha badala ya kutoa, walisahau kubadili sentimita kuwa mita, walichanganya mzingo na eneo. Ni kazi nzuri na ya kitaalamu, inayofanana hasa na ule usomaji wa 246 na 164. Kasoro yake ni wakati na mahali. Inatoka mtoto akiwa ameshamaliza shule, inahusu taifa zima wala si darasa la mwalimu yeyote, na inahusu darasa la saba, ambako kosa la kukopa limeshalelewa kwa miaka minne. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne uko karibu zaidi na chanzo, na humtaka mtoto aandike hesabu kwenye karatasi yenyewe ya maswali. Ila kinachorudi shuleni ni daraja, na kwa aliyeshindwa, amri ya kukariri mwaka. Anakariri nini hasa, hakuna anayemwambia mwalimu.

Jibu linalopendwa kwenye semina ni kwamba kila mtoto apimwe mmoja mmoja, kama Uwezo ulivyofanya. Hesabu yake inakatisha tamaa. Darasa la pili lenye watoto 80, jambo la kawaida katika shule za umma, kwa dakika kumi kila mtoto, linahitaji dakika 800. Hizo ni vipindi 27 vya nusu saa kwa somo moja, na wakati huo watoto 79 wanasubiri. Mwalimu atakayeambiwa afanye hivyo atajaza fomu kwa kukisia, na hatakuwa na kosa.

Njia ya katikati ipo na haihitaji vifaa. Ni karatasi ya hesabu tano tu, zilizochaguliwa kwa uangalifu ili kila kosa litaje jina lake, zikitolewa mwanzoni mwa muhula kuanzia darasa la pili. Mwalimu hasahihishi kwa alama. Anapanga karatasi kwa mafungu mezani, wa 246 huku, wa 164 kule, waliopatia pembeni. Mafungu hayo ndiyo yanakuwa makundi ya kufundishia kwa wiki mbili zinazofuata. Pratham imewapanga watoto kwa kiwango badala ya darasa kwa miaka mingi. Baraza lina hazina ya vipotoshi iliyokusanywa kutoka kwa mamilioni ya watahiniwa. Kuchagua humo hesabu tano za kila darasa na kuzipeleka kwa walimu wa taaluma kupitia kata ni kazi ya ofisi moja kwa miezi michache.

Wakati wake umewadia pia. Kwa mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024, elimu ya msingi inapunguzwa kuwa miaka sita na elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, na kundi la kwanza la darasa la sita linatazamiwa kumaliza mwaka 2027. Mtoto ambaye lazima aendelee na sekondari hana haja ya kuchujwa. Kenya ilifika njia panda hiyo mapema: KCPE, mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi ulioanza 1985, ulifanyika kwa mara ya mwisho 2023, na tathmini ya darasa la sita iliyochukua nafasi ya mtihani huo huchangia asilimia 20 tu ya kile kinachompangia mwanafunzi sekondari ya juu. Ila nayo ni ya kuchagua, na wazazi wengi wameendelea kuiita mtihani na kulipia twisheni kama zamani. Chekecheo limetundikwa ukutani, na punje bado zinapepetwa kwa mikono.