Kunakili Si Usingizi

Yako mafundisho mema ambayo, yakipita mpaka wake, hugeuka kuwa madhara. Fundisho moja la namna hiyo ni la Elimo Njau, mchoraji aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965. Alifundisha kuwa kunakili humlaza Mungu usingizi. Siku zile neno hili lilikuwa dawa, maana Mwafrika alikuwa akiambiwa kuwa uzuri wote hutoka ng'ambo. Lakini dawa ya mgonjwa si chakula cha mtoto. Kumkataza kijana wa Pumwani, asiye na mwalimu, kunakili kazi ya fundi ni kumnyima mwalimu pekee anayeweza kumpata.

Nawauliza wakatazao: nani alijifunza kusema bila kuiga kinywa cha mama yake? Mtunzi wa takhmisi huchukua mistari miwili ya mwenziwe, kisha huongeza mitatu yake, hatumwiti mwizi. Van Gogh, mwaka 1889 na 1890, alinakili picha nyingi za Millet. Alizoziweka mbele yake zilikuwa chapa nyeusi na nyeupe. Rangi alizitia mwenyewe. Je, alilala?

Tazama picha ya Monet ya mwaka 1872, ya macheo katika bandari ya Le Havre, ambayo jina lake liliwapa Waimpreshonisti jina lao. Mtazamaji husema jua lile linawaka. Anakiliye hugundua siri: ni rangi ya chungwa tu, nayo huwaka kwa sababu imezungukwa na buluu na kijivu. Siri hiyo haifunuliwi na jicho. Hufunuliwa na mkono uliokosea mara tatu.

Nakiri kuwa atiaye jina lake juu ya nakala ni mwongo, na anakiliye maisha yake yote ni mtumwa. Lakini kosa la huyu wa pili ni kukaa shuleni milele, si kuingia shuleni.

Basi, ndugu mwanafunzi, nakili bila haya, na nyuma ya karatasi uandike jina la mwenye kazi. Kisha kifunge kitabu, utoke alfajiri, utazame moshi wa Gikomba ukipanda juu ya mabati ya Majengo. Mabati hayo Monet hakuyaona. Hapo hutakuwa na wa kumwiga, na mkono wako utakuwa umekwisha kuijua njia.